Samaki Unaowajua Wewe ni wa Kukaanga Tu

Najua nimekuwa kimya kwa wiki tatu, na wengine wenu mmeniuliza kama nimehamia Nairobi. Sijahama. Niko hapa hapa Maua, baridi ya Nyambene inanitafuna vidole, na kilichoninyamazisha ni aibu. Leo nimeamua kuitoa nje, kwanza kwa sababu inachekesha, pili kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sisi watengenezaji wa programu tunalikwepa kila siku.

Nitalisema mapema, asije mtu akachoka njiani akaondoka bila kulisikia. Ukiandika programu inayowanyima watu kazi, na huwezi kumwandikia kila aliyenyimwa sababu ya kweli kwa sentensi moja, programu hiyo haijakamilika. Usiiwashe. Haya, sasa tuanze na vituko.

Nina rafiki wa tangu shule ya msingi ambaye hupiga video za harusi na matanga. Mwaka jana alichoshwa na keki na majeneza, akaanza mpango wa kipindi cha uvuvi. Kiwe cha Kiswahili, kiwekwe YouTube, kianzie Mto Tana huko chini unakopakana na Mbuga ya Meru, kisha kiende Ziwa Turkana, Ziwa Viktoria, mpaka Lamu. Alihitaji watu wanne: mtangazaji, mpiga picha, mhariri wa video, na mtu wa kazi za mkono anayeweza kuendesha gari usiku na kushika kamba mchana.

"Kipindi cha uvuvi? Maua?" nilimuuliza. Hapa kwetu ni miraa. Nyanya yangu mpaka leo hagusi samaki. Kwake yeye kitu kisicho na miguu hakiingii chunguni. Rafiki yangu akanikumbusha vidimbwi. Mnavikumbuka? Ule mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa mwaka 2009, ambapo maeneo bunge 140 yalichimbiwa vidimbwi vya samaki, 200 kila eneo, kila kimoja mita 300 za mraba. Hata kiwanda kidogo cha samaki kilijengwa Kanyakine, Imenti Kusini. Vidimbwi vingi vilikauka baadaye, au vikageuka makao ya vyura, lakini kuna watu wa milimani ambao vidimbwi hivyo viliwafundisha samaki. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Tangazo likatoka kwenye WhatsApp na Facebook. Barua za maombi ziandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa kipindi ni cha Kiswahili. Tulitarajia watu 30. Walikuja 312.

Msishangae. Mtu aliyekulia Igembe anajua jinsi soko linavyoweza kufungwa na waziri ambaye hutamwona maisha yako yote. Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, Somalia ikafunga mlango Machi 2020 na kuufungua tena Julai 2022. Kila mlango ukifungwa, vijana wenye diploma na shahada wanarudi kukaa kwenye veranda. Kwa hiyo likitokea tangazo la kazi ya samaki, mtu anaomba hata kama samaki pekee aliyewahi kumgusa alikuwa ndani ya kopo.

Rafiki yangu akanipigia simu. "Ndugu yangu, wewe si una shahada ya kompyuta? Barua 312 nitazisoma lini?"

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nikamwambia ampe mtaalamu jioni moja tu.

Nilichofanya ni hiki. Fomu ilikuwa na maswali machache ya moja kwa moja: unajua kuogelea? Unaweza kuamka saa kumi alfajiri? Umeambatisha wasifu? Halafu kulikuwa na barua yenyewe. Nikaandika programu fupi ya Python iliyopitia majibu, kisha ikaipekua barua kutafuta maneno ya uvuvi na kuhesabu alama. Maneno yenyewe niliyatunga kichwani nikinywa chai: samaki, vua, uvuvi, wavu, mshipi, chombo, papa. Kila likionekana, alama moja. Alama tano na zaidi unaitwa kwa mahojiano. Chini ya hapo, kwaheri.

Wenye jicho la programu mmeshaona shimo. Mimi sikuliona, kwa sababu matokeo ya kwanza yalinifurahisha. Mtu aliyeongoza alikuwa na alama 14! Nikafikiri tumempata baharia. Nikafungua barua yake. Alikuwa mhubiri. Aya tatu nzima zilieleza uvuvio wa Roho Mtakatifu, na ndani ya neno "uvuvio" kuna "uvuvi". Aliongeza kwamba alibarikiwa kuwa Nairobi Novemba 2015 siku ya misa ya Papa Francis, na programu yangu ikampa alama za kumjua papa yule mwenye meno. Kwa maji, baba wa watu alikiri wazi kwamba anayaogopa.

Wa pili alifanya kazi ya kupima mvua. "Mvua" ina "vua" ndani yake. Wa tatu alikuwa mwenzangu, mtengenezaji wa wavuti, na kila alipoandika "wavuti" alipata alama ya wavu. Wa nne alikuwa amepita kwenye vyombo vya habari, akajaza barua nzima na "chombo hiki cha habari" na "chombo kile cha habari", nami nikamhesabia meli. Kulikuwa na kijana wa karate mwenye mshipi mweusi, na mama mmoja aliyejieleza kwa kirefu jinsi alivyowahi kuuza nguo na viatu, "hata mteja akivua na kuvaa mara kumi sichoki". Alama mbili.

Kabla hamjanicheka sana, tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, wasijiandikishe, kwa sababu katikati ya jina la mji wao mna tusi la Kiingereza. Tangu hapo wataalamu huliita tatizo la Scunthorpe. Dawa inayofundishwa chuoni ni kutafuta neno zima, si kipande. Kwa Kiingereza dawa hiyo inasaidia. Kwa Kiswahili inaua mgonjwa. Ukitafuta neno zima "vua" hutapata anavua, tulivua, wakavua wala hatujavua, maana kitenzi chetu hakitembei bila mizigo yake mgongoni. Ukitafuta kipande, unapata mvua. Ili upate haki inabidi programu ijue kuvunja neno: kiambishi hiki ni cha nafsi, hiki cha wakati, huu ndio mzizi. Na hata ukiupata mzizi, anavua samaki na anavua shati ni mzizi uleule kwa macho ya mashine. Hiyo si kazi ya jioni moja na chai.

Sasa tuje kwenye aibu yenyewe.

Programu ilihitaji safu ya kuandika sababu ya kukataliwa, iliyokuwa ya kutusaidia sisi wawili tu. Nikiwa peke yangu usiku, nikaanza kujichekesha. Waliosema hawawezi kuamka saa kumi niliwawekea: "Samaki hawajakubali kukusubiri uamke." Waliosema hawajui kuogelea ila wana imani: "Petro pia alikuwa nayo." Mmoja aliambatisha picha ya harusi mahali pa wasifu: "Bibi harusi amependeza, lakini hakuomba kazi." Mmoja alidai kuvua samaki wa kilo 300 kwenye Mto Ura. Mbuta, jitu la Ziwa Viktoria, mwisho wake ni kama kilo 200, kwa hiyo nikaandika: "Huyo alikuwa kiboko." Mwingine alitaja mshahara mara nne bila kutaja samaki hata mara moja: "Tunakutakia kila la heri benki."

Hao walikuwa 59. Angalau kila utani ulitokana na kitu ambacho mtu mwenyewe alikiandika. Lakini walibaki 188 ambao kosa lao lilikuwa moja tu, kutofikisha alama tano. Kwa hao sikuwa na la kusema, kwa hiyo nikatunga utani sita na kuiambia programu ichague wowote kwa bahati nasibu. Nilikuwa najaribu tu. Asubuhi ningeyafuta yote na kuweka ile sentensi ya kila ofisi, ya kushukuru na kusikitika.

Mnajua kilichofuata. Stima ikapotea. Iliporudi saa saba usiku nilikuwa nusu usingizini, nikafungua faili nililodhani ni la majaribio, nikaiendesha programu, nikalala. Gmail hukuruhusu barua 500 kwa siku. Mimi nilikuwa na 247. Hakukuwa na cha kunizuia.

Nilijua asubuhi, simu ilipoanza kulia kama chura wa kidimbwini.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Wale 59 hawakukasirika kama nilivyoogopa. Yule wa picha ya harusi alijibu kwa kicheko cha mistari miwili, akatuma wasifu wake papo hapo, na wasifu ulikuwa mzuri. Yule wa kilo 300 aliandika: "Samahani bosi, nilizidisha sifuri." Wa Petro alinijibu kwamba Petro hatimaye aliokolewa, sikuwa na hoja. Wawili walitukana, na nilistahili. Lakini wengi wao walielewa walichokataliwa. Walikipata kitu cha kushika mkononi: rekebisha hiki, au bishana nacho.

Ni wale 188 walioninyamazisha. Wengi hawakujibu kabisa. Na mmoja, dada wa upande wa Laare, aliandika hivi, nimemwomba ruhusa niseme:

"Habari kaka. Nashukuru kwa jibu lako, ndilo la kwanza nililopata mwaka huu, na nimeomba kazi nyingi. Nimecheka. Sasa naomba uniambie sababu yenyewe."

Utani aliopewa na bahati nasibu ulikuwa: "Samaki unaowajua wewe ni wa kukaanga tu."

Nikafungua barua yake ya maombi kwa mara ya kwanza. Kwa mara ya kwanza, elewa, baada ya kuwa nimeshamkataa. Baba yake alipata kimoja cha vile vidimbwi vya mpango wa 2009. Baba alipochoka, dada akakishika. Amefuga ngege na kambare kwa miaka sita. Alieleza jinsi ngege wanavyokua polepole huku kwetu kwa sababu maji ni ya baridi, jinsi alivyopunguza kina upande mmoja ili jua liyapashe, jinsi kambare wanavyokulana ukiwachanganya wakubwa na wadogo, na jinsi anavyokokota kokoro na mdogo wake siku ya kuuza. Na video? Anazipiga kwa simu, anawauzia wateja wa Meru mjini kwa kuwaonyesha samaki wakiruka.

Programu yangu ilimpa alama mbili. Neno "samaki" alilitaja mara mbili.

Nimeitafakari barua ile siku nyingi. Aliyejua kazi alikataliwa kwa sababu aliijua. Mtu asiyejua samaki husema samaki, samaki, samaki. Anayewajua husema ngege, mbuta, kambare, mumi. Asiyejua nyavu husema wavu. Anayejua husema kokoro, jarife, kimia. Orodha yangu ilikuwa orodha ya mtu wa nje, na ikawachagua watu wa nje wenzangu. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilifuata ujinga wangu kwa uaminifu mkubwa.

(Na hata ulimwenguni, tukisema kipindi cha uvuvi, kimojawapo cha vile mashuhuri kabisa ni Deadliest Catch, kilichoanza mwaka 2005. Kinahusu kaa, huko baharini Alaska. Kaa si samaki. Nahodha yeyote wa kipindi kile angeandika barua ya ukweli mtupu, ningempa sifuri. Na Jeremy Wade wa River Monsters, kipindi kilichodumu toka 2009 hadi 2017 na kumfikisha hadi Mto Kongo akitafuta yule samaki mwenye meno kama ya mamba? Aliwahi kuwa mwalimu wa biolojia. Ningemwambia akafundishe.)

Basi nikakaa kumwandikia dada yule sababu ya kweli. Nikaandika: "Ulikataliwa kwa sababu hukutaja neno wavu mara tatu zaidi." Nikaifuta. Nikaandika: "Ulikataliwa kwa sababu nilikuwa nakunywa chai nilipotunga orodha." Nikaifuta hiyo pia, ingawa ndiyo ilikuwa karibu zaidi na ukweli. Ndipo nikagundua kwamba utani wote ule ulikuwa plasta. Niliubandika mahali ambapo sababu ilipaswa kuwa, na chini yake hakukuwa na sababu.

Na ile sentensi ya kawaida, "tunasikitika kukuarifu kwamba safari hii hukufanikiwa"? Hiyo pia ni plasta, tofauti yake haichekeshi. Utani wangu uliumbuka kwa sababu ulidai kumjua mtu. Sentensi ya ofisi haiumbuki kamwe, ndiyo maana tunaipenda.

Rafiki yangu aliniambia naikuza hadithi, ni kipindi cha YouTube tu hiki. Labda. Lakini tazameni waliofanya hivi kwa fedha nyingi. Amazon walianza mwaka 2014 kujenga programu ya kupanga wasifu wa waombaji kwa nyota, moja hadi tano, kama bidhaa dukani. Waliilisha wasifu wa miaka kumi, na kwa kuwa wengi walioomba kazi za ufundi miaka hiyo walikuwa wanaume, programu ikajifunza kwamba mwanamume ndiye mfano mwema. Ukiandika kwamba ulikuwa nahodha wa timu ya wanawake, inakushusha. Shirika la habari la Reuters lililifichua Oktoba 2018, na mradi ulikuwa umeshavunjwa. Amazon walisema waajiri wao hawakuitumia kuamua. Sawa. Lakini hakuna mhandisi aliyeandika mstari wa kusema "shusha wanawake". Ilitokea vilevile kama kwangu: orodha ilibeba historia ya aliyeitunga.

Mfano wa pili hauna hata kisingizio hicho. Kampuni ya iTutorGroup, ya kufundisha Kiingereza kwa intaneti, ilishtakiwa Marekani na tume ya usawa katika ajira mwaka 2022. Madai yalikuwa kwamba programu yake ilipangwa kuwakataa wanawake wa miaka 55 na zaidi na wanaume wa miaka 60 na zaidi, kimyakimya, zaidi ya watu 200. Walimaliza kesi mwaka 2023 kwa dola 365,000, bila kukiri kosa. Mnajua ilivyogunduliwa? Mwombaji mmoja alikataliwa, akatuma ombi lilelile tena, akibadilisha tarehe ya kuzaliwa tu ili aonekane kijana zaidi. Akaitwa kwa mahojiano. Nawaza: kama programu ile ingelazimika kumwandikia kila mmoja sababu ya kweli, "umekataliwa kwa sababu una miaka 55", ingeishi siku ngapi? Aliyeiandika angeona sentensi hiyo kwenye skrini yake mwenyewe na mkono ungesita. Hiyo ndiyo faida ya kulazimisha sababu. Haimsaidii mwombaji peke yake. Inamlazimisha mwenye programu aisome kwa sauti.

Hapa Kenya jambo hili liko kwenye sheria, ingawa wengi hawalijui. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalokugusa kwa uzito. Ikiwa umeamuliwa hivyo, wanapaswa kukuarifu kwa maandishi, nawe unaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Ombi la dada wa Laare lilikuwa ndilo hilo hilo, bila kutaja kifungu. Alikuwa na adabu kuliko mimi na kifungu kwa pamoja.

Najua mtakayosema, maana nimeyasema mwenyewe. Barua ni nyingi. Ukimpa mtu sababu atabishana. Mwanasheria wa kampuni atakukataza. La barua nyingi nalikubali nusu: programu isaidie kupanga, kuunganisha, kukumbusha nani hajaambatisha wasifu. Hilo ni jambo la kweli unaloweza kumwandikia mtu: hukuambatisha wasifu. La kubishana, acha wabishane! Yule wa picha ya harusi alibishana kwa kutuma wasifu, tukapata mhariri wa video. La mwanasheria, ikiwa sababu yako haiwezi kuonwa na mwanasheria, huenda wewe ndiye unayemhitaji.

Kuna jambo moja ambalo bado sijalimaliza kichwani. Je, nisingefanya utani kabisa? Mama yangu, nilipomsimulia, alisema mtu anayetafuta kazi hachezewi. Sikumjibu, na kwa kawaida mama akishasema huwa pamekwisha. Lakini dada alicheka, na alisema ndilo jibu la kwanza alilopata mwaka mzima. Nadhani ningependa zaidi kuambiwa "bibi harusi amependeza" kuliko kuachwa kimya miezi sita nikifungua barua pepe kila nusu saa. Utani wenye ukweli ndani yake nauvumilia. Ule wa bahati nasibu sina la kuutetea.

Basi tulifanya nini? Tulizima programu. Tukakaa jioni tatu nyumbani kwa rafiki yangu, chai na mahamri, tukazisoma barua zote 312, sisi wawili. Jioni tatu! Ndizo nilizokuwa najaribu kuziokoa. Mtangazaji tulimpata kati ya waliopita. Mhariri mnamjua. Kwa kazi za mkono tulimchukua dereva wa zamani wa pikapu ya miraa aliyekuwa na alama sifuri. Hakutaja samaki popote. Aliandika tu kwamba kwa miaka minane alibeba mzigo ambao ukikaa siku mbili tatu umekwisha nguvu, na hajawahi kuchelewa. Programu yangu ilimwambia, kwa bahati nasibu, kwamba samaki hawapendi watu wavivu.

Dada wa Laare alikuja kwa mahojiano ya mpiga picha. Kabla hatujamuuliza lolote, akaomba aione programu. Nikamfungulia kompyuta. Akaisoma ile orodha ya maneno saba, polepole, kidole kikifuata skrini.

"Kaka, ongeza kokoro," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka safari hii. Akauliza, "Na wale wengine umeshawaandikia?"

Kazi alipewa, na wiki ijayo tunaanza Tana. Wale wengine ni 186, ukimtoa yeye na dereva. Kila usiku nafungua barua ya mmoja, naisoma yote, kisha namwandikia kwa nini, bila utani na bila programu. Wengine sababu yao naipata mara moja. Wengine naisoma barua mara tatu na siioni, na hao ndio nawaandikia kwa shida zaidi. Jana nimefika wa 61.